Kuchagua saizi ya tairi na rimu kwa gari la zamani: mwongozo kamili kwa wenye magari wa Tanga

Magari mengi ya miaka ya 80 na 90 yanayotembea Tanga hadi leo yalitoka kiwandani na rimu za inchi 13. Ukiingia duka la matairi ukataka 165R13 au 175/70R13, uchaguzi ni mdogo, na muuzaji atakushauri uhamie inchi 14 au 15. Mara nyingi ushauri huo ni mzuri. Kinachoharibu mambo ni kuanza na rimu. Mtu anaona rimu za spoti zinang'aa, anazilipia, kisha anaanza kuhangaika kutafuta tairi la kuzivisha. Wiki haijaisha gari linasugua fenda likikata kona, spidi mita inasema uongo, na kila shimo la barabarani linamfikia mgongoni.

Hapa tutafuata njia nyingine: gari kwanza, kisha tairi, rimu mwisho. Mfano wangu mkuu ni Toyota Corolla ya E100, toleo lililoanza 1991, yenye nati nne kila gurudumu na matairi ya 175/70R13. Kama lako ni gari jingine, hesabu ni hizi hizi. Badilisha namba tu.

Usiamini tairi lililopo kwenye gari

Gari la miaka 30 limepita mikono mingi. Matairi unayoyaona leo huenda yalifungwa na mwenye gari wa tatu au wa nne, tena kwa sababu ndiyo aliyoyapata siku hiyo. Ukichagua tairi jipya kwa kulinganisha na hilo, unaweza kuwa unarithi kosa la mtu.

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya mwili wa gari pale mlango unapofungia. Magari yaliyoletwa kutoka Japani yana kibandiko hapo. Maandishi yake ni ya Kijapani, lakini saizi ya tairi imeandikwa kwa tarakimu za kawaida, na kando yake kuna kiwango cha upepo, kwa kawaida kwa kPa. Gawanya namba hiyo kwa 6.9 upate PSI ambayo fundi wako anaitumia: 200 inakuwa 29, na 220 inakuwa 32. Piga picha kibandiko hicho kwa simu, maana siku gari likipelekwa kupakwa rangi ndicho cha kwanza kupotea.

Kama kimeshapotea, fungua buti uangalie spea. Kwenye magari ya zamani spea hulala miaka bila kuguswa, na mara nyingi bado ni ya saizi ya kiwandani. Ila ile spea nyembamba ya dharura si kipimo cha chochote. Pia soma kibati cha chasisi chini ya boneti. Corolla mbili zinazofanana sura, moja EE101 ya injini ndogo na nyingine AE100, zinaweza kuwa zilitoka na saizi tofauti, hivyo usichukue saizi ya gari la jirani kwa sababu tu ni la rangi na umbo moja na lako.

Kusoma ubavu wa tairi

Tuchukue 175/70R13 82S. Namba 175 ni upana wa tairi kwa milimita, ubavu hadi ubavu. Namba 70 ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya ule upana. R ni radiali, yaani nyuzi za ndani ya tairi zimekatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 82 ni namba ya mzigo: tairi hilo linabeba hadi kilo 475. S ni herufi ya spidi, kilomita 180 kwa saa.

Matairi ya mtindo wa zamani kama 165R13 hayana namba ya asilimia. Kwa hayo chukulia ubavu ni kati ya asilimia 80 na 82 ya upana. Land Rover na Land Cruiser za zamani zinatumia 7.50R16, ambapo upana nao umeandikwa kwa inchi.

Hesabu ya kipenyo, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Kipenyo cha tairi zima, kutoka ardhini hadi juu, ndicho kinachotakiwa kubaki karibu na cha kiwandani. Rimu ikiongezeka, ubavu upungue kwa kiasi hicho hicho. Hesabu yake ni fupi na simu yoyote inaimaliza.

Zidisha upana kwa asilimia upate kimo cha ubavu: 175 mara 0.70 ni milimita 122.5. Zidisha kwa mbili, maana kuna ubavu wa juu na wa chini: 245. Kisha inchi za rimu mara 25.4: 13 mara 25.4 ni 330.2. Jumlisha: milimita 575.2. Hicho ndicho kipenyo cha Corolla yetu.

Sasa weka pembeni yake saizi unazoweza kuonyeshwa dukani:

- 165/65R14: milimita 570.1, pungufu ya asilimia 0.9
- 185/60R14: milimita 577.6, zaidi ya asilimia 0.4
- 175/65R14: milimita 583.1, zaidi ya asilimia 1.4
- 185/65R14: milimita 596.1, zaidi ya asilimia 3.6
- 195/50R15: milimita 576.0, karibu sawasawa
- 185/55R15: milimita 584.5, zaidi ya asilimia 1.6
- 195/65R15: milimita 634.5, zaidi ya asilimia 10.3

Kanuni inayotumika na wengi ni kutovuka asilimia 3 juu au chini. Mimi kwa gari la zamani nabaki ndani ya 2, kwa sababu springi zimeshalala, bushi zimechoka, na nafasi iliyokuwepo kati ya tairi na fenda siku gari lilipotoka kiwandani haipo tena.

Ile 195/65R15 nimeiweka makusudi. Ni saizi inayopatikana kila mahali kwa sababu magari mengi ya Kijapani ya wastani yanaitumia, na utasikia mtu akikwambia "inaingia hiyo, kaka, tunakunja fenda kidogo." Fanya hesabu ya spidi kabla hujamjibu. Gawanya kipenyo kipya kwa cha zamani, zidisha kwa namba inayosomeka kwenye dashibodi. Spidi mita ikionyesha 50, gari linakimbia 55. Ikionyesha 80, unakimbia 88. Trafiki mwenye tochi anasoma mwendo wa gari, hasomi dashibodi yako. Kwa 175/65R14 tofauti haifiki hata kilomita moja na nusu ukiwa kwenye 80.

Spidi mita si jambo pekee. Tairi kubwa ni sawa na kurefusha gia zote. Kwenye tambarare hutaona, lakini panda kutoka Mombo kwenda Lushoto na injini ya 1300, abiria wanne na mizigo, utakuta gia ya tatu iliyokuwa inapanda sasa inakufa na ya pili inalia. Breki nazo zina kazi ya ziada, kwa sababu gurudumu kubwa na zito ni gumu kulisimamisha, hasa mkishuka.

Kwa gari lililotoka na 165R13 hali ni tofauti kidogo. Kipenyo chake ni kama milimita 596, kwa hiyo 185/65R14 ndiyo inayolingana nalo, wakati 175/70R13 ni fupi kwa zaidi ya asilimia 3. Ndiyo maana nasisitiza kibandiko: saizi ileile ya 185/65R14 ni sahihi kwa gari moja na imezidi kwa gari jingine la umbo hilo hilo.

Wenye Mark II za GX100 mko pazuri zaidi. Kama kibandiko chenu kinasema 195/65R15, basi saizi yenu bado ni ya kawaida kabisa sokoni. Mkitaka tairi nene kidogo, 205/65R15 ina milimita 647.5, ongezeko la asilimia 2, na mara nyingi namba yake ya mzigo ni kubwa zaidi. Mkitaka inchi 16, 205/55R16 ina 631.9.

Na kwa Land Rover zinazotumia 7.50R16, mbadala unaokaribiana nao kwa kipenyo ni 235/85R16, milimita kama 806. Lakini tairi hilo linataka rimu pana, walau inchi 6, na rimu nyingi za zamani ni nyembamba kuliko hapo. Kama rimu ni zile za vipande, zenye pete inayofungwa pembeni, baki na tairi la tyubu na flapu yake. Fundi atoe kwanza sindano ya vali na upepo wote uishe kabla ya kugusa pete, na wakati wa kujaza pasiwe na mtu mbele ya gurudumu. Pete ikiruka inaua.

Ubavu mnene ni rafiki wa barabara zetu

Hesabu imekupa saizi kadhaa zinazofaa. Sasa chagua kwa barabara unayopita.

Rudi kwenye orodha ya Corolla. Saizi ya 195/50R15 ilikuwa karibu sawasawa kwa kipenyo, na ukiangalia karatasi utasema ndiyo bora kuliko zote. Lakini ubavu wake ni milimita 97.5. Ule wa kiwandani ni 122.5, na wa 175/65R14 ni karibu 114. Milimita hizo ndizo zinazopokea shimo kabla ya rimu kulipokea. Mtu anayezunguka kati ya Raskazone na katikati ya mji kwenye lami nzuri anaweza kuishi na ubavu mfupi. Anayekwenda Amani, kwenye mawe na matope ya masika, au anayeingia mashamba ya mkonge na machungwa Muheza, ataanza kunyoosha rimu kabla mwaka haujaisha. Na kipigo kisipoishia kwenye rimu kinaendelea kwenye shokapu, boljointi na tairodi, ambazo kwenye gari la umri huu tayari zimefanya kazi ya kutosha.

Upana nao una bei yake. Tairi pana hufanya usukani usio na pawa kuwa mzito wakati wa kuegesha, hunywa mafuta kidogo zaidi, na kwenye maji yaliyotuama wakati wa mvua huanza kuelea mapema kuliko tairi jembamba lenye kashata (mpira wenye mifereji unaogusa barabara) za kina kile kile. Kuongeza milimita 10 juu ya saizi ya kiwandani hakuna ubaya. Zaidi ya hapo unalipia sura.

Kwa hiyo kwa Corolla yetu jibu langu ni 175/65R14. Kipenyo kiko ndani ya asilimia 2, ubavu bado mnene, upana haujabadilika, na rimu za inchi 14 si ngumu kupatikana. Nikikosa hiyo, 185/60R14.

Mzigo, spidi na joto

Namba ya mzigo isiwe chini ya ile ya kiwandani. Chache za kukumbuka: 82 ni kilo 475, 84 ni 500, 86 ni 530, 88 ni 560, 91 ni 615, 94 ni 670. Ukipanda rimu kubwa na kushusha ubavu, angalia namba hii kwa makini, kwa sababu hapo ndipo inaposhuka kimyakimya. Kwa pikapu na vanisi tafuta tairi lenye herufi C baada ya saizi, kama 195R14C yenye 106/104: kilo 950 likifungwa moja, 900 yakifungwa mawili mawili. Tairi la gari dogo lenye upana sawa na hilo halifai hata kama limeingia kwenye rimu, kwa sababu ubavu wake haukutengenezwa kubeba magunia.

Herufi ya spidi mara nyingi haileti shida: S ni 180, T ni 190, H ni 210. Hakuna anayefika huko akienda Segera.

Joto ndilo adui mkubwa wa Pwani. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mwingi linajikunja kila mzunguko, linajipasha lenyewe ndani, na mchana wa Januari lami ya Hale inaongezea lake. Likipasuka, hupasuka hivyo. Baadhi ya matairi yameandikwa ubavuni neno TEMPERATURE na herufi A, B au C. A ndilo linalovumilia joto kuliko mengine. Kati ya matairi mawili ya bei inayokaribiana, hilo ndilo la kuchukua.

Sasa rimu

Kuna mambo matano ya kulinganisha, na yote lazima yakubali. Manne yakikubali na moja likakataa, rimu hiyo si ya gari lako.

La kwanza ni idadi ya nati na kipenyo cha duara zinapokaa, ambacho mafundi wanakiita PCD. Kwa rimu ya nati nne pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Ikiwa milimita 100, hiyo ni 4x100. Kwa nati tano hakuna tundu linalotazamana na jingine moja kwa moja, kwa hiyo pima katikati hadi katikati ya matundu mawili jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Matundu yakiwa na milimita 67 kati yao, ni 5x114.3. Yakiwa na 59, ni 5x100. Tepu ya fundi seremala haitoshi. Azima vania, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, kwa sababu 5x112 na 5x114.3 zinatofautiana kwa milimita moja na kidogo tu kati ya matundu jirani. Rimu yenye tofauti hiyo italazimishwa kwa spana ikaingia, nati zikakaa upande, na siku moja stadi, zile skrubu ambazo nati hufungwa juu yake, zitakatika.

Corolla ya E90, E100 na E110 ni 4x100. Ile ya zamani zaidi ya KE70, inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma, ni 4x114.3. Mark II za GX90, GX100 na GX110 ni 5x114.3. Forester ya kwanza ni 5x100.

La pili ni tundu la katikati. Rimu za kiwandani hukaa kwenye kichwa cha habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, na hicho ndicho kinachoziweka katikati. Corolla ina habu ya milimita 54.1, Nissan Sunny ya B14 ina 59.1, na zote mbili ni 4x100. Rimu ya Corolla haitaingia kwenye Sunny. Rimu ya Sunny itaingia kwenye Corolla lakini itacheza milimita 5, na usukani utaanza kutetemeka ukifika 80 hata kama matairi yamebalansiwa vizuri. Rimu za spoti zisizo za kiwandani huwa na tundu kubwa, mara nyingi milimita 73.1, ziweze kuingia magari mengi. Kwa hizo nunua pete za kuziba nafasi kati ya rimu na habu. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo, na wauzaji wengi hawakitaji usipouliza.

La tatu ni ET, umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaokaa kwenye habu. Imepigwa muhuri kwenye rimu yenyewe, kwa mfano ET45 au ET38. ET ikiwa kubwa gurudumu linaingia ndani. Ikiwa ndogo linatoka nje. Hebu tuone kwa namba. Umetoka kwenye rimu ya 5½J, yaani yenye upana wa inchi 5½, na ET45 ukaenda 6½J yenye ET38. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande. ET imepungua 7, kwa hiyo upande wa nje unapata 12.7 na 7, jumla milimita 19.7. Upande wa ndani unapata 12.7 ukitoa 7, yaani 5.7. Gurudumu limetoka nje karibu sentimita mbili, na limesogelea shokapu zaidi ya nusu sentimita. Pima kwenye gari lako kama nafasi hizo zipo. Gurudumu likitoka sana nje, mzigo unavuta beringi kwa upande na usukani unaanza kufuata kila mfereji wa lami. Na spesa za bei rahisi zinazowekwa katikati ya rimu na habu, bila stadi ndefu zaidi, sizikubali kwa gari lolote linalobeba watu.

La nne ni upana wa rimu. 175/65R14 inakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 5 hadi 6. 195/65R15 inataka 5½ hadi 7. Ukivutanisha tairi jembamba kwenye rimu pana, mdomo wa tairi unakaa vibaya na ukingo wa rimu unabaki wazi kupokea kila jiwe. Kwa rimu za chuma za zamani angalia pia kama ndani zina ukingo mdogo wa kuzuia mdomo wa tairi usichomoke. Mara nyingi huandikwa H au H2 baada ya saizi. Kama hakuna, weka tyubu.

La tano ni nati. Toyota na Honda zinatumia uzi wa M12x1.5, Nissan, Suzuki na Subaru M12x1.25. Nati ya moja itashika mzunguko mmoja au miwili kwenye stadi ya nyingine, kisha itakwama, na fundi mwenye haraka ataisukuma kwa spana ndefu hadi uzi uharibike. Halafu kuna umbo la kikalio. Nati nyingi ni za koni. Rimu za kiwandani za Honda zinataka nati yenye kikalio cha mviringo kama mpira. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Nati ya koni kwenye tundu la washa bapa inagusa mstari mwembamba tu, na italegea. Ukinunua rimu za mtumba, mwombe muuzaji nati zake hapo hapo.

Na kabla ya kulipa, ingiza rimu tupu kwenye habu ya mbele uizungushe kwa mkono. Isiguse kaliper, ile sehemu inayobana diski ya breki, popote. Kuna rimu za 14 ambazo hazipiti juu ya breki za magari yaliyotoka na 15.

Kukagua mtumba

Tafuta ubavuni maandishi ya DOT na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000, liache. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishavuka miaka mitano na lisitumike baada ya kumi, hata kama kashata zimejaa. Likunje ubavu kwa mikono miwili chini ya jua uangalie kama mpira una nyufa ndogondogo. Angalia ndani pia, maana kiraka cha ubavuni huonekana huko.

Kuna tairi moja la mtumba ninaloomba ulikwepe kabisa, nalo ni lile la theluji. Huja kutoka Japani likiwa bado na kashata za kuvutia, na bei yake ni ya kirafiki. Ubavuni limeandikwa STUDLESS, au lina alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani. Kashata zake zina mikato mingi myembamba, na ukizibonyeza kwa kucha zinabonyea kirahisi. Mpira huo ulitengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya barafu. Kwenye joto la Tanga unalainika kupita kiasi, unaisha haraka, na kwenye lami yenye maji ya mvua breki zinakwenda mbali.

Rimu iwekwe kwenye mashine ya kubalansi izungushwe tupu kabla hujalipa. Ikiyumba utaiona kwa macho. Geuza upande wa ndani utafute mstari wa kuchomelea. Rimu ya aloi iliyopasuka ikachomelewa, hata kwa ustadi, siifungi. Hewa ya bahari nayo inakula aloi pale mdomo wa tairi unapokaa, na hapo ndipo panapovujisha upepo pole pole bila pancha yoyote kuonekana. Fundi asafishe ukingo huo kwa brashi ya waya hadi uwe laini, na aweke vali mpya.

Kufunga

Simama na fundi wakati anafunga. Mwombe kwa heshima, "Fundi, naomba tusafishe habu kwanza," na wengi hawatakataa. Kutu iliyoganda kwenye uso wa habu ni nene kuliko inavyoonekana. Brashi ya waya ikipita utaona maganda mekundu yakidondoka, na chini yake chuma kinatokea. Rimu ikikaa juu ya maganda hayo itakaa upande, nati zitaonekana zimekaza, na kutu ikivunjika njiani nati zote zitalegea kwa pamoja.

Nati zianze kwa vidole. Zitembee zenyewe hadi mwisho. Hesabu mizunguko: kwa uzi wa 1.5 isipungue minane, kwa uzi wa 1.25 isipungue kumi. Ikipungua, stadi ni fupi kwa rimu hiyo. Kisha zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana, gurudumu likiwa limegusa chini. Kiwango cha mkazo cha Toyota nyingi za rika hili ni Nm (Newton-mita) 103. Mashine ya upepo itumike kusogeza tu. Mkazo wa mwisho uwe wa mkono, kwa spana ya kipimo kama ipo.

Kabla ya kuondoka, kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Weka watu wanne ndani, wengine nyuma, urudie. Kidole kipite kati ya tairi na shokapu. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa fenda, zunguka mtaani, pita kwenye tuta moja au mawili, urudi uangalie. Chaki ikifutika, tairi linagusa.

Kama gari linasukuma magurudumu yote manne, kama Forester au RAV4, yote manne yawe ya saizi moja na uchakavu unaokaribiana, la sivyo gia za kugawa nguvu zitafanya kazi muda wote na kuungua. Kwa gari la kawaida, ukiwa na fedha ya matairi mawili tu, jozi moja iwe ekseli moja, na mapya yaende nyuma. Usichanganye radiali na yasiyo radiali.

Siku za kwanza

Ukishafunga, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukienda upande wa Dar, ukifika Segera simama ufanye hivyo. Pima upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi. Kama namba ya mzigo ni ile ile ya kiwandani, anza na upepo wa kwenye kibandiko. Peleka gari kufanyiwa alaimenti ndani ya wiki ya kwanza. Kama boljointi au tairodi zina mchezo, zibadilishwe kabla, maana alaimenti haitakaa.

Wiki mbili za mwanzo pitisha kiganja juu ya kashata za mbele, kutoka nje kuelekea ndani na kurudi. Ukihisi makali upande mmoja tu, tairi linaburuzwa, rudi kwa fundi wa alaimenti. Zikiisha katikati, upepo umezidi. Zikiisha kingo mbili, umepungua.

Spea nayo inunuliwe siku hiyo hiyo, ya kipenyo kile kile. Ukibaki na ile ya 13 yenye nati za koni wakati magurudumu mengine yanatumia nati za washa bapa, weka nati zake nne kwenye mfuko mgumu, ufunge kwenye jeki.